Miti ya makaburini: kabla ya shoka, tuulize imesimama juu ya nani

#1 Mtoto wa Gangilonga

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa, mwaghonile kwa wa Mbeya na Tukuyu, na salamu kwenu wengine wote.

Naleta hoja ya makaburi ya zamani yaliyobaki katikati ya miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, yale yenye miti mikubwa iliyozeeka. Bei ya viwanja ikipanda kidogo tu, watu wanaanza kuyaita "eneo wazi" au "pori". Vijiweni nasikia pakisafishwa patafaa kituo cha bajaji, wengine wanataja fremu za biashara. Wapo pia waungwana wasiotaka makaburi yaguswe, wanachotaka ni miti tu iondoke: majani yanachafua, vibaka wanajificha, na mlingoti mnene ni hela.

Msimamo wangu ni kwamba miti ile haitakiwi kuondolewa hata kama makaburi yataachwa. Sababu yangu haihusu kivuli wala mandhari, ingawa navyo navithamini. Kwa watu wengi waliolala pale, mti ndiyo alama pekee waliyobaki nayo juu ya ardhi.

Fikirieni makaburi yanavyokwenda. Mwenye uwezo anajengewa zege, anawekewa vigae, jina na tarehe zinachongwa. Mtu wa kawaida, hasa wa miaka ya nyuma, alipata tuta la udongo, msalaba wa mbao, na jina lililoandikwa kwa rangi ya mafuta na fundi wa mtaani. Masika chache zikipita rangi imekwisha, mchwa umeshaingia mguuni mwa msalaba, tuta limekaa sawa na ardhi. Ndugu wanabaki na mti. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anaenda kwenye kaburi la mtoto wake wa kwanza kwa kufuata mti wenye tundu la nyuki: ukiupata, unaupa mgongo, unashuka kuelekea mtaroni mpaka kwenye jiwe lenye weupe, hapo ndipo. Hapakuwa na msalaba tena. Mti ule ukikatwa, yule mtoto amezikwa mara ya pili, na safari hii hakuna atakayejua wapi.

Tukumbuke pia nani anazikwa mjini. Kwetu desturi ni kumrudisha marehemu nyumbani, akalale na wa kwao. Waliobaki kwenye makaburi ya mjini miaka hiyo ni wale ambao ndugu walishindwa nauli ya kusafirisha maiti, vibarua waliotoka mbali, watoto wachanga, wagonjwa waliofia hospitali bila mtu wa kuwafuata. Ndiyo wenye watetezi wachache kuliko wote.

Halafu kuna historia yenyewe. Iringa hapa tuna makaburi ya vita, yale wenyeji wanayaita ya Wazungu, upande wa kusini mashariki mwa mji. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey, yaliyotokea upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), yaliingia Iringa mwishoni mwa Agosti 1916. Wiki chache baadaye kikosi cha Wajerumani cha Jenerali Wahle kikashuka kutoka Tabora, mapigano yakarudi hapa hapa kwetu mpaka upande wa Njombe. Askari waliokufa, Waingereza na watu wa Afrika Kusini, wana mawe yenye majina, na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inayatunza mpaka leo. Nyasi zimekatwa, mistari imenyooka. Sina kinyongo na hilo hata kidogo, mtu aliyefia mbali na mama yake anastahili jiwe.

Ila nani alibeba mizigo ya majeshi yale? Wapagazi. Barabara za magari hazikuwepo, wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo unga, risasi na hata vipande vya mizinga vilikwenda kichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake waliandikwa wapagazi wapatao milioni moja kwa vita nzima ya Afrika Mashariki, na vifo vilivyohesabiwa vinakaribia 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hawa wako wapi? Wako kando ya njia, chini ya miti. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ya makaburi ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni Aprili mwaka huo.

Wao wameanza kuwatafuta wasio na majina. Sisi tusianze kuwafuta wa kwetu kwa msumeno. Karibuni tujadili, hasa wenye kujua makaburi ya Mbeya, Njombe na Mafinga.

#2 Mvuna Mbao

Mkuu heshima yako. Mimi niko Mafinga, naishi kwa miti, kwa hiyo naomba nipingane na wewe sehemu moja.

Umesema miti isiguswe. Miti ipi? Mlingoti na mwombo si kitu kimoja. Mlingoti uliopandwa bila kupogolewa ukizeeka unadondosha matawi hata siku isiyo na upepo, na tawi la mlingoti ni zito, likianguka kwenye kaburi la vigae linavunja mpaka msalaba. Ukianguka wenyewe unang'oka na shina lake, udongo unafumuka. Nimewahi kuitwa kuondoa mmoja ulioangukia makaburi ya familia, nisingependa tena kuona nilichokiona kwenye lile shimo la mizizi. Kuuacha mti wa namna hiyo kwa jina la heshima ni kumkosea heshima aliyelala chini.

Mwombo ni habari nyingine. Mwombo hauoteshwi kirahisi kitaluni, mizizi yake inaishi kwa kushirikiana na uyoga wa ardhini, ukiuhamisha nje ya udongo wake unadumaa. Lakini ukikatwa unachipua kwenye kisiki na kwenye mizizi, mradi moto usipite kila kiangazi. Kwa hiyo pale palipo na miyombo ya asili, adui mkubwa wa kwanza ni kiberiti cha wanaosafisha makaburi, kuliko hata msumeno. Watu wanachoma nyasi wakidhani wanasaidia.

Ushauri wangu: mti wa kigeni uliooza au ulioinama upunguzwe kutoka juu kwa kamba, vipande vishushwe taratibu, kisiki kiachwe ardhini. Kisiki kisichong'olewa kinaendelea kuonyesha mahali kwa miaka mingi. Miti ya asili iachwe kabisa.

#3 Mtoto wa Gangilonga

> Mvuna Mbao alisema: "kisiki kiachwe ardhini"

Hili nalipokea kwa mikono miwili, kaka. Kisiki kikibaki, anayejua bado anajua. Na la moto ni kweli tupu, kila Septemba unaona moshi unapanda makaburini na misalaba ya mbao inaungua pamoja na nyasi.

#4 Binti wa Rungwe

Ndaga sana kwa uzi huu. Naomba niongeze la kwetu Unyakyusa, kwa sababu naona watu wanadhani makaburi kuwa na msitu ni mambo ya Wazungu.

Zamani kwetu mtu wa kawaida alizikwa nyumbani, karibu na nyumba, migomba ikiwa imemzunguka. Lakini chifu alikuwa na kichaka chake. Wakati kizazi kipya kinakabidhiwa nchi na machifu wapya wanatoka kutambulishwa, miti ilipandwa kwa ajili yao. Chifu anakua na mti wake unakua. Akifa, pale panakuwa kichaka, na warithi wanakwenda hapo kuomba mvua na uzima. Kuni haziokotwi humo, hakuna kulima, mtoto akiingia kufuata mbuzi anaitwa kwa ukali mpaka atoke. Lubaga kwa Lwembe, chifu wetu mkuu wa matambiko, panajulikana hivyo mpaka kwa wasomi waliokuja kuandika habari zetu.

Matokeo yake, ukipita maeneo ya Selya leo ukiona kijisitu cha miti mirefu katikati ya mashamba ya migomba na kakao, uliza kwanza kabla hujaingia. Mara nyingi kuna mtu. Miti ya asili ambayo kwingine imekwisha, humo ipo, kwa sababu marehemu amekuwa mlinzi wa msitu na msitu umekuwa mlinzi wa marehemu.

Mjini tulipoteza hilo. Makaburi ya mjini hayana ukoo mmoja wa kuyasemea, ni ya watu mchanganyiko. Mnyakyusa, Msafwa, Mndali, Mkinga, Mmalawi, wote wamelala pamoja, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye wajibu.

#5 Kijana wa Mwanjelwa

Naunga mkono hoja. Mbeya mji wenyewe ulianza 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, watu walikuja kutoka kila kona na wengine hawakurudi makwao. Nawaomba wazee wa Mbeya waandike wanachokijua kuhusu walipozikwa wachimbaji wale. Nafuatilia kwa karibu.

#6 Mama Lishe Mlandege

Jamani na mimi nichangie. Mnaongea vizuri sana ila nyinyi ni wanaume, mnapita makaburini mchana. Mimi natoka nyumbani alfajiri giza bado, nimebeba sufuria na unga, na njia ya mkato inapita kando ya makaburi yenye miti. Mwenzangu aliporwa pale. Si mapepo tunayoyaogopa, ni watu. Mkitaka tuwaunge mkono, tuambieni sisi tunaopita tunafanyiwa nini.

#7 Mtoto wa Gangilonga

Mama, shikamoo, na pole sana kwa mwenzako. Umesema jambo ambalo bila kulijibu hoja yangu yote haina miguu.

Kinachomficha kibaka ni kichaka cha chini: lantana, matawi yanayogusa nyasi, uzio wa michongoma uliokua mpaka kichwani. Shina la mti mkubwa halifichi mtu kwa muda mrefu. Vichaka vikifyekwa kwa panga bila moto, matawi ya chini yakapogolewa kupita kimo cha mtu mrefu, unaona kutoka barabarani mpaka upande wa pili. Njia ya wapita kwa miguu iwe moja, iliyonyooka, yenye taa za sola pande zote mbili, ili watu wapite kwa wingi pamoja badala ya kila mtu na kichochoro chake. Kazi hiyo haimhitaji mfadhili. Mtaa unaweza kuifanya kwa nguvu kazi siku ya usafi, taa zikaombwa kwa diwani.

Na ningependa akina mama mnaopita ndio mseme njia ikae wapi.

#8 Mama Lishe Mlandege

Marahaba mwanangu. Hapo sawa. Taa ya katikati pia iwepo, si za mwanzo na mwisho tu. Katikati ndipo penyewe.

#9 Mnyalu Ughaibuni

Vanyalukolo, kamwene. Nipo Stockholm, Sweden, nimesoma uzi huu kwa hisia kali kwa sababu hapa ninapoishi kuna makaburi ambayo watu wanatoka duniani kote kuja kuyaona, na ni msitu hasa.

Yanaitwa Skogskyrkogården. Mwaka 1915 mji uliitisha mashindano ya wasanifu kwa eneo la kusini lililokuwa na misitu ya misindano na machimbo ya zamani ya changarawe. Walioshinda walikuwa vijana wawili, Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, wote wazaliwa wa 1885. Wengine wangefyeka, wapange bustani yenye maua na sanamu. Wao waliacha misindano imesimama na makaburi yakaingizwa katikati ya mashina. Machimbo hawakuyafukia yote, waliyatumia kama mabonde. Yalifunguliwa 1920 pamoja na kikanisa kidogo kilichojificha msituni, paa lake refu la vigae vya mbao na nguzo mbele, ukiwa mbali huwezi kukitofautisha na miti. Asplund aliendelea na kazi ile hadi 1940 alipokamilisha majengo makubwa ya kuchomea maiti, akafa mwaka huo huo, akazikwa pale pale. Mwaka 1994 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Mtu wa Mufindi ukisimama pale unaweza kudhani uko Sao Hill: misindano mirefu iliyonyooka, ardhi ya sindano zilizokauka, harufu ile ile ya utomvu. Tofauti ni kwamba kati ya shina na shina kuna mawe, mengi mafupi, hayashindani. Mwigizaji maarufu Greta Garbo ana jiwe lake humo na halina fahari yoyote. Mwanzoni mwa Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, familia zinaleta mishumaa jioni, msitu mzima unawaka taa ndogo ndogo, watoto wanakimbia huku na huku na hakuna anayewagombeza.

Nisiwafiche la upande wa pili. Huku kaburi mara nyingi unapewa kwa mkataba wa miaka 25, familia isipouendeleza nafasi inaweza kupewa mwingine. Hilo sidhani kama sisi tungelipenda. Lakini kwamba mji mkuu wa nchi tajiri uliamua mapema kabisa miti na makaburi vikae pamoja, na leo wanajivunia, hilo wapeni taarifa wanaotaka kufyeka.

#10 Binti wa Rungwe

> Mnyalu Ughaibuni alisema: "waliacha misindano imesimama na makaburi yakaingizwa katikati ya mashina"

Kaka, ndivyo babu zetu walivyofanya bila mashindano yoyote.

#11 Abuu Swabri

Asalaam aleikum. Naomba upande wa Waislamu nao uingie kwenye mazungumzo.

Wengi wetu hatujengei makaburi. Marehemu analazwa kwenye mwanandani, udongo unarudishwa, pengine kibao kichwani, basi. Makaburi yetu ya zamani mjini Iringa yanaonekana matupu machoni mwa mpima ardhi, kumbe yamejaa. Yupo jirani yangu aliyepima kiwanja mpaka akaingia safu mbili za makaburi kwa kuwa hakuona zege. Ilibidi wazee waitwe kuonyesha, na walionyesha kwa miti: huyu yuko upande wa kibla wa mkuyu, yule yuko mbele ya mwembe.

Ipo hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipasua kuti bichi akaweka kwenye makaburi mawili, akatarajia wapunguziwe adhabu maadamu halijakauka. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya hilo na siingii huko. Ninachosema ni kwamba kijani juu ya kaburi si kitu kigeni kwetu. Kwa hiyo hoja ya mleta uzi inatuhusu sisi kuliko hata wenye vigae.

#12 Mwanasheria wa Kata

Niingie upande wa sheria maana naona watu wanaogopa au wanajiamini kupita kiasi.

Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Inaruhusu makaburi kuhamishwa ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma. Si ya mtu binafsi kuamua kwamba hapa pananifaa kwa gesti. Wenye maslahi, yaani ndugu na jamii ya marehemu, wanatakiwa kujulishwa, na wanastahili kufidiwa gharama halisi za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na ibada zinazoendana na hilo. Ni gharama tu, hakuna faida. Kanuni ya Adhabu nayo inamgusa anayeingia mahali pa kuzikia kwa nia ya kuumiza hisia za watu au kudhalilisha mabaki ya binadamu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya 1863. Makaburi ya wakati wa Wajerumani na Waingereza ni ya baadaye, kwa hiyo hayaingii yenyewe, mpaka Waziri ayatangaze. Wananchi wanaweza kuanzisha maombi kupitia halmashauri yao.

Sasa tatizo mnalolizungumza hapa: sheria ya 1969 inahusu kaburi na mabaki ya mtu. Mti hauko humo. Anayekata miti makaburini bila kuchimba anaweza kusema hajahamisha kaburi lolote, na atakuwa anasema kweli. Pengo hilo linazibwa na sheria ndogo za halmashauri. Diwani akipeleka hoja kwamba hakuna mti kukatwa ndani ya makaburi bila kibali, na kibali kisitolewe bila kuwasikiliza wenye ndugu, hiyo ni sheria ndogo ya ukurasa mmoja. Pelekeni hiyo.

#13 Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimesoma tangu juu, hongereni. Niongeze mambo mawili niliyokuwa nawafundisha wanafunzi.

La kwanza ni la Dar es Salaam. Mwaka 1968 makaburi ya vita yaliyokuwa Ocean Road yalihamishwa kupisha barabara mpya, makaburi 660, yakapelekwa yalipo sasa. Askari wa Kizungu walihamishwa mmoja mmoja, kila mtu na jiwe lake. Waafrika Wakristo, Waislamu na wengineo walikuwa wamezikwa kwenye viwanja vyao bila alama ya mmoja mmoja, kwa hiyo ilipofika zamu yao haikuwezekana kujua nani ni nani. Walizikwa upya kwa pamoja, wakajengewa kuta za kumbukumbu. Mleta uzi, hoja yako yote iko kwenye tukio hilo. Asiye na alama anahamishwa kwa jumla.

La pili ni la karibu na nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliokuwa wamepelekwa Urusi kwa nguvu walitoka kupitia Iran mwaka 1942, na maelfu yao, wengi wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, lakini huku kwetu walikaa Ifunda na Kidugala. Walikaa mpaka vita ilipokwisha na baadaye kidogo, kisha wakatawanyika. Waliofia hapa walibaki hapa. Makaburi yao yapo, na wajukuu wanatoka Ulaya, Kanada na Australia kuja kuyatafuta. Mwenyeji akimwonyesha mgeni kaburi la bibi yake, yule mgeni analia mbele ya mtu asiyemjua. Nimeliona hilo kwa macho yangu Ifunda. Wale walitunziwa na watu wasio ndugu zao, wakulima wa kawaida walioamua tu kutolima pale.

Wahehe hatuhitaji kuelezwa uchungu wa mabaki ya mtu kuwa mbali na mahali pake. Mkwawa alijiua Julai 1898, mwili ukabaki Mlambalasi, kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe. Lilirudi Juni 1954, Gavana Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, na leo liko Kalenga. Miaka zaidi ya 50 watu walidai kipande kimoja cha mtu mmoja. Tukiwa watu wa namna hiyo, itakuwaje tuwafyeke wengine tulionao hapa hapa?

#14 Mvuna Mbao

Shikamoo Mwalimu. Hilo la Ocean Road sikulijua, limenigusa. Nina vijana na kamba na misumeno. Mtaa wowote wa Iringa au Mafinga unaotaka kupogoa makaburini bila kuangusha mti, nipo, mafuta ya msumeno yawe juu yenu. Sitachukua gogo hata moja kuuza.

#15 Mtoto wa Gangilonga

Mwalimu, shikamoo kutoka kwangu pia. Asanteni nyote. Naweka hapa namna tunayoweza kuanza kabla hata ya kusubiri vikao.

Kwanza tuorodheshe. Piga picha ya kila kaburi lenye maandishi. Jua la asubuhi au jioni linalopiga kwa ubavu ndilo linaloinua herufi zilizofifia, la saa sita linazizima. Jiwe likiwa chafu, maji safi na kitambaa laini vinatosha. Msitumie brashi ya waya, sabuni kali, wala tindikali ya mafundi vigae, vinakula herufi zilizobaki. Msalaba uliolala usiung'oe kuusimamisha pengine, uupige picha pale pale ulipoangukia.

Kisha miti. Kila mti mkubwa uwe na namba kwenye kibati kilichofungwa kwa kamba, msipige misumari shinani. Simu nyingi zinaonyesha mahali ulipo, chukueni vipimo hivyo. Halafu, na hapa ndipo kazi ilipo, tuwalete wazee wakiwa bado wanatembea. Mzee anasimama kwenye mti namba fulani anasema: upande huu yuko shemeji yangu, pale chini walizikwa watoto wa mwaka wa surua. Mnaandika na mnarekodi sauti yake. Anaruhusiwa kusema sijui.

Nakala moja iende ofisi ya mtendaji wa kata, moja kwenye makumbusho ya Boma hapa Iringa, na moja ikae msikitini au kanisani. Ofisi zinahama na kompyuta zinaharibika.

Na kwa makaburi ya vita pale Iringa, ningependa siku moja tupeleke ombi rasmi kwa tume inayoyatunza: waweke ubao wa Kiswahili wa kuwataja wapagazi wa nchi hii, hata kama ni kwa ujumla, mpaka majina yatakapopatikana. Ripoti yao ya 2021 imeshafungua mlango, kilichobaki ni sisi kubisha.

Mwalimu, swali kwako: vitabu vya mazishi vya parokia za zamani, kama Tosamaganga, vinaandika mtu alizikwa sehemu gani ya makaburi, au jina tu?

#16 Mwalimu Mstaafu

Nilivyowahi kuviona kwa ruhusa ya padri, vinaandika jina, umri, siku ya kufa, siku ya kuzikwa, na padri aliyezika. Makaburi yanatajwa kwa jina lake, lakini sehemu kamili ndani ya makaburi haiandikwi. Kwa hiyo ukiwa na kitabu bila wazee una jina lisilo na mahali, na ukiwa na wazee bila kitabu una mahali pasipo na tarehe. Ombeni ruhusa parokiani kwanza, vitabu vile ni vya zamani na havitolewi nje, mkae humo humo mkinakili kwa mkono. Kisha chukueni majina hayo mwende nayo kwa wazee chini ya miti. Ukimtajia mzee jina, anakumbuka zaidi kuliko ukimwuliza nani kazikwa hapa.

#17 Abuu Swabri

Kwa upande wetu daftari kama hizo hazipo misikiti mingi, tunategemea wachimba kaburi. Yupo mmoja wa zamani bado yuko hai Makorongoni, amezika watu tangu ujana wake. Nimeshaongea na mwanawe, kasema mzee anaweza kutembea asubuhi kabla ya jua kali. Nani anakuja na kinasa sauti?

#18 Kijana wa Mwanjelwa

Nipo Iringa wiki ijayo kikazi. Ninacho. Nitumie ujumbe wa faragha, tupange na mtoto wa mzee saa ya kumfuata.